Kushuka Kusini na gari: ulale Kilwa au Lindi, Mikindani au Shangani, na siku ya bahari uende Msangamkuu au Msimbati?

Shemeji yangu wa Dodoma kanipigia wiki iliyopita. Anakuja na mkewe na watoto watatu na Noah yao, wana siku tano, wanataka washuke na barabara ya pwani kutoka Dar mpaka huku kwetu Mtwara na kila siku waingie baharini. Akaniuliza, shem, tusimame wapi? Nikamwambia ngoja nikuandikie, na nikaona niandike vizuri na wengine wasome, kwa sababu kila mwisho wa mwaka watu wanakuja huku, wanakuta maji yamekimbia huko mbali, wanapiga picha ya matope na mawe wanarudi kwao wanasema kusini hakuna bichi. Inaniuma kweli. Bichi zipo nzuri sana ila umefika saa ambayo bahari haipo.

Kwaiyo kabla ya kulinganisha sehemu na sehemu naomba tuongelee mwezi kwanza, maana huo ndo unaokuchagulia ufukwe kuliko picha yoyote utakayoiona kwenye simu.

Huku kwetu maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yaani mwezi mosi na mwezi 15 na siku mbili tatu zinazofuata, hiyo ni bamvua. Maji yanajaa mpaka juu kabisa na yakipwa yanaenda mbali mno, tofauti ya kina inafika mita tatu na zaidi. Sasa shika hii: kwenye bamvua maji yanakuwa yamekauka asubuhi saa nne saa tano na yanakuwa yamejaa saa kumi saa kumi na moja jioni. Mwezi ukionekana nusu angani, mwezi 8 au 9 na mwezi 22 au 23, inageuka, maji yanajaa asubuhi ile ile saa nne saa tano na jioni ndo yanapungua, ila hayaendi mbali, ndo tunaita maji mafu.

Watu wengi hata wenyeji watakwambia usije bamvua, maji yanakimbia. Mimi kwa mtu wa safari ya gari nasema kinyume, njoo bamvua. Asubuhi wewe upo barabarani, bahari ikauke tu haikuhusu, unafika saa tisa umechoka umejaa vumbi na maji ndo yanapanda, watoto wanaoga mpaka magharibi. Maji mafu yanamfaa mtu aliyefikia sehemu moja, anaamka pale pale anaingia baharini asubuhi. Alafu bamvua ndo siku za pweza, maji yakikauka kina mama na vijana wanatoka na mchokoo wanatembea juu ya miamba huko mbali wanachokoa mashimo, jioni pweza yupo kila kona. Tahadhari yake ni moja, maji ya bamvua yana nguvu yakiwa yanatoka au kuingia, sehemu zenye mlango wa bahari mtoto asiende peke yake hata kama anajua kuogelea, huku hakuna mlinzi wa waogeleaji.

Haya, usiku wa kwanza. Kilwa au Lindi?

Kutoka Dar ukivuka daraja la Mkapa pale Rufiji, lile la 2003, unapita Somanga ambapo wote tunasimama kula samaki wa kukaanga, unafika Nangurukuru. Hapo ndo uamuzi. Ukiendelea na barabara kuu unaenda Lindi moja kwa moja, ukikata kushoto unaenda Kilwa Masoko kama kilomita 35, na kesho yake urudi hizo hizo 35 ndo ushike njia tena. Kwaiyo Kilwa inakula kilomita 70 za nyongeza, na watu wanaona uvivu wanapita. Mimi naona ni kosa kama una watoto. Pale Masoko kuna ufukwe wa Jimbizi upo chini tu ya mji, umejificha na upepo, mchanga mzuri, mtoto mdogo anaoga bila presha. Na ng'ambo pale unakiona kisiwa chenyewe, Kilwa Kisiwani, unachukua kibali ofisini Masoko na mtu wa kukutembeza, unapanda boti, nusu siku imeisha vizuri kabisa. Utaona msikiti mkuu, jumba la Husuni Kubwa, na ngome ya Gereza iliyokuja baadaye. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika mji ule 1331 ukiwa hai na akausifia, na tangu 1981 upo kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara. Mtoto wa darasa la tano anayasoma haya shuleni kama hadithi, akienda akagusa ule ukuta wa matumbawe kwa mkono wake hasahau. Panda boti asubuhi bamvua au sio bamvua, jioni ndo muoge Jimbizi.

Lindi kwa upande wake ni mji ninaoupenda, nimesoma pale, lakini kwa kuoga nitakuwa mkweli. Mji upo ndani ya ghuba na mto Lukuledi unamwaga pale pale, kwaiyo maji ya mjini yana rangi ya udongo hasa kipindi cha mvua, na yakipwa yanaacha tope. Jioni ni pazuri kukaa, upepo, watu wanapunga hewa, ukipanda kivuko kwenda Kitunda ukageuka ukautazama mji kutoka majini utaelewa kwanini watu wa Lindi hawahamii kirahisi. Lakini watoto waliotoka Dodoma wanataka kuruka majini, ile tope watalia. Kama unalala Lindi basi kuoga kufanyie Mchinga, ni kama kilomita 30 kabla hujafika mjini ukitokea Kilwa, ghuba pana na barabara kuu inapita karibu kabisa, ila hakuna mambo ya hoteli ya ufukweni, ni kijiji cha wavuvi, unaomba sehemu ya kupaki, unavaa nguo ya heshima, unaoga, unasonga.

Kwaiyo ukiniweka kati ya hizo mbili: una siku tano au zaidi, lala Kilwa na Lindi iwe ya chakula cha mchana. Una siku tatu, iache Kilwa kwa safari yake yenyewe, usiende kuilala tu usiku ukaondoka alfajiri bila kuvuka kisiwani, hiyo haina maana, bora Lindi.

Na barabara: tangu kipande cha Ndundu mpaka Somanga kilipowekwa lami ni njia ya kawaida kabisa, lakini kipindi cha mvua usiichukulie poa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na mvua zake barabara ilikatika maeneo hayo hayo ya Somanga, watu wakakwama njiani na watoto. Huku kusini tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, unaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili huko, sio vuli na masika kama Dar. Uliza hali ya njia siku moja kabla, piga simu kwa mtu anayekaa huko.

Kutoka Lindi kuja Mtwara ni kama kilomita 105, unapita Mingoyo panapogawana njia ya Masasi, unakuja zako. Na ghafla ukiwa umeshasahau bahari barabara inashuka na Mikindani hiyo hapo, maji mkono wa kushoto, minazi, ngalawa zimeegemea upande. Mimi nimepita pale mara ngapi sijui na bado nazima redio.

Sasa hapa ndo swali la pili, ulale Mikindani au uingie mpaka Shangani Mtwara mjini? Zinatofautiana kilomita 10 tu lakini ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mikindani ni pa kulala na kutembea, sio pa kuoga. Naomba hii isomwe mara mbili. Ile ghuba inapendeza kwa macho lakini ndani ni kina kifupi, mikoko, na yakipwa ni tope mpaka kwenye ngalawa. Miaka mitatu nyuma nilimleta dada yangu na wanae tukafikia nyumba moja ya wageni ambayo nilipopiga simu nikaambiwa mama hapa bahari ipo mlangoni. Ilikuwepo kweli tulipofika usiku. Asubuhi mwezi 16 watoto wameamka wamevaa nguo za kuogelea, wanafungua mlango, maji hakuna, wanaona kaa wanakimbia kwenye tope na mama mmoja kainama na ndoo yake huko mbali. Mdogo alikaa chini kwenye ngazi akalia. Na aliyenijibu simu alijua fika maji yangekuwa wapi saa tatu asubuhi. Tangu hapo kila gesti nauliza, maji yanakauka saa ngapi hapo kwenu hiyo tarehe, na akishindwa kujibu najua hajawahi kuoga pale.

Lakini kwa kutembea, Mikindani inaizidi Mtwara mjini mbali sana. Nyumba za mawe na vibaraza vya ghorofani, milango ya nakshi, boma la Wajerumani la 1895 lililokarabatiwa likawa hoteli pale kilimani, ukipanda unaiona ghuba yote. Livingstone alianzia hapo 1866 safari yake ya mwisho ya bara. Jioni saa kumi na mbili watoto wanacheza mpira, wazee wanatoka msikitini, unanunua pweza wa kuchemsha. Yule mama ninayemnunuliaga anakata mkono wa pweza kwenye kibao vipande vidogo sawasawa, anakupa kijiti, anamimina supu kwenye kikombe cha bati na pilipili ya kupondwa na ndimu, ukimaliza anakuongeza supu bila kuombwa. Mtu wa Dodoma ambaye hajawahi kula pweza aanzie hapo.

Shangani ni mtaa wa mjini, ufukwe wa watu wote, jioni za wikiendi umejaa, muziki, chipsi, mishikaki, vijana wanakimbia. Ni karibu na kila kitu, hospitali, benki, soko, kama mtoto anaumwa au gari ina shida lala mjini usijitese. Kuoga ni maji ya kujaa tu, nasisitiza, maji ya kujaa. Yakipwa inabaki miamba mirefu na madimbwi, na kwenye miamba kuna wale wadudu weusi wa miiba mirefu kama sindano. Mwanangu wa kati alikanyaga mmoja akiwa na miaka saba, miiba sita imekatikia kwenye nyayo, nikataka kuichokoa na sindano, bibi mmoja pale akanizuia akasema utaivunjia ndani, akaleta papai bichi akalichana akampaka utomvu wake. Ilitoka taratibu kesho yake na keshokutwa. Kwaiyo viatu vya plastiki kwa kila mtoto, sio kandambili maana zinabaki kwenye mchanga, vile vya kufunga.

Kwa shemeji na familia yake mimi nimesema Mikindani usiku mmoja, mjini usiku unaofuata. Ukiwa na usiku mmoja tu na ni bamvua, Shangani, maana unafika jioni maji yamejaa. Ukiwa na usiku mmoja na ni maji mafu, Mikindani, uamke utembee mji asubuhi na jua halijawa kali kisha uwahi Shangani saa nne, dakika 15 umefika, maji yapo.

Sasa siku nzima ya bahari, hapa ndo roho yangu ilipo. Msangamkuu au Msimbati.

Msangamkuu ipo ng'ambo ya bandari. Unaenda Msemo unapanda kivuko, dakika chache umevuka, gari inavuka pia ila hata bila gari inawezekana. Kile kivuko chenyewe watoto wanakipenda, kina mama na ndoo za samaki, baiskeli, mbuzi, na meli kubwa imefunga bandarini inabeba korosho au makaa ya mawe. Ukishuka unapita kijijini unatokea upande wa bahari, mchanga mweupe, maji ya kijani. Asubuhi na mapema unawakuta kina mama wanatanda dagaa na vitambaa, wawili wanashika ncha wanatembea polepole kifua kwenye maji wanazungusha, wanainua, dagaa wanametameta kama vipande vya kioo. Uzuri wake ni wepesi. Umelala mjini, umekunywa chai na mihogo, saa mbili umevuka, saa nane ukichoka unarudi. Hakuna kupotea hakuna kuzama kwenye mchanga. Ubaya ni kwamba maji yakipwa nayo yanasogea, sio vibaya kama Shangani lakini yanasogea, na kivuli ni kidogo, na chakula usitegemee kukikuta tayari, agiza ukifika wakupikie au beba.

Msimbati ni habari nyingine. Kilomita 40 na kitu kutoka mjini kupitia Madimba, kule kwenye mtambo wa gesi, ile gesi ya Mnazi Bay inayopita kwenye bomba mpaka Dar. Unaingia ndani ya hifadhi ya bahari, ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya mto Ruvuma, ilitangazwa mwaka 2000 ina kilomita za mraba 650, kwaiyo kuna kiingilio, lipa ukatiwe risiti, na usiokote kombe wala nyota ya bahari hata iwe nzuri vipi, waambie watoto kabla hawajashuka kwenye gari. Watu wengi wanaijua Msimbati kwa kuendesha gari ufukweni, mchanga wake sehemu za maji ni mgumu gari inapita haizami, kila mtu anataka video. Mimi naomba kwa moyo wote msifanye hivo, watoto wa kijiji wanacheza pale na nyavu zinaanikwa pale, na maji ya bamvua yakipanda hayakusubiri ugeuze. Paki juu tembea kwa mguu.

Ukipita kijiji kama kilomita 7 mbele unafika Ruvula, ncha ya ile rasi. Hapo ndo pananifanya nisahau uchovu wa njia. Kina kipo karibu, hutembei mita mia mbili kutafuta maji ya kukufika kiunoni, hata yakiwa yamepwa unaoga, kwa huku kwetu hiyo ni adimu sana. Matumbawe yapo jirani na nchi kavu, ukiwa na miwani ya kuzamia unaona samaki wa kila rangi bila boti. Na kwa kuwa rasi imejikunja, unaangalia jua likizama majini, pwani yetu yote inatazama mashariki, sisi tumezoea jua kuzama nyuma ya migomba, ukae Ruvula uone linaingia baharini, mke wa kaka yangu alinyamaza dakika nzima na sio mtu wa kunyamaza.

Lakini ina masharti. Hicho kipande cha mwisho ni mchanga mlaini, gari ndogo au Noah iliyojaa watu saba inazama, nimeshuka kusukuma mara moja nikiwa na mimba ya miezi mitano sitaki mwingine apitie. Gari ya juu ndo inafaa, au uache gari kijijini uchukue bodaboda au mtumbwi. Maji ya kunywa beba yote. Mkondo pale nje ya ncha una nguvu, waulize wavuvi upande gani mnaoga na saa ngapi mtoke, watakwambia bila choyo. Na upepo, kipindi cha kusi hasa Juni mpaka Agosti upande wa bahari kuu unachafuka, mchanga unakupiga usoni, wakati Msangamkuu au ndani ya ghuba pametulia. Mimi napenda Oktoba na mwanzo wa Novemba, tanga mbili, kusi imechoka na kaskazi haijaanza, maji yanakuwa meupe unaona mguu wako, na njiani ndo msimu wa korosho, unakuta mabibo yanauzwa barabarani.

Kwaiyo kwa Noah ya shemeji na mtoto wa miaka mitatu ndani, Msangamkuu. Nimemwambia hivo hivo ingawa roho yangu ipo Ruvula. Wawili wasio na watoto, wenye gari ya juu na siku nzima ya ziada, Msimbati na walale huko huko, usiende na kurudi siku hiyo hiyo utakuwa umeendesha tu. Mwenye watoto wakubwa anaweza kodi gari yenye dereva mjini Mtwara asubuhi, akaacha ya kwake imepumzika.

Mpango niliompa ndo huu. Wanaingia mwezi 14, usiku wa kwanza na wa pili Kilwa Masoko, katikati wanavuka kisiwani asubuhi wanaoga Jimbizi jioni. Siku ya tatu mchana Lindi wanakula, saa kumi wapo Mikindani wanatembea, wanakula pweza. Siku ya nne wanakuja kwangu Chikongola, Mtwara mjini, mizigo ndani, jioni saa kumi Shangani maji yapo juu. Siku ya tano Msangamkuu na mimi nitakuwepo na wanangu, hiyo itakuwa mwezi 18, maji yatajaa jioni kuelekea magharibi, kwaiyo hatukimbilii kivuko cha asubuhi, tunapika wali nyumbani kwanza, tunavuka saa saba na sufuria yetu. Samaki tutanunua hapo hapo wakishusha. Viatu vya plastiki vya watoto nimeshavinunua sokoni, jozi tatu, amenitumia saizi jana.